Mabamba ya Pua ya Kuchapia Noti

Wako watu katika Ulaya na Marekani wakusanyao mabamba ya kale yaliyochapiwa noti, nasi twaona kazi yao yastahili kuelezwa, maana noti twazishika kila siku, bali bamba lililozizaa hatulioni. Ni la chuma cha pua, limekatwa mistari myembamba, na maandiko yake yamegeuzwa kinyume kama ya muhuri. Wino hujazwa mistarini, uso hupanguswa, kisha karatasi hugandamizwa kwa nguvu hata ikauvuta wino. Ndiyo sababu kidole huhisi mwinuko juu ya noti.

Mabamba ya zamani yalikuwa ya shaba, nayo yalichakaa upesi. Jacob Perkins wa Newburyport, Marekani, aliilainisha pua, ikachorwa, akaifanya ngumu tena. Akaviringisha juu yake gurudumu la pua laini hata likapokea nakshi yote. Gurudumu likiisha kufanywa gumu, liliweza kutia nakshi ile ile katika mabamba mengi, pasipo tofauti ya unywele. Mwaka 1819 alivuka kwenda Uingereza, na kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyochapa stempu ya kwanza ya posta, mwaka 1840.

Ustadi huo wamzuia mwigaji. Lakini bamba halimjui bwana wake. Mwaka 1925 Alves dos Reis, Mreno, aliwadanganya Waterlow and Sons wa London kwa barua za kughushi, wakamchapia noti za escudo 500 zenye sura ya Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi mwaka 1498. Mabamba yalikuwa ya halali. Uongo ulikuwa katika ruhusa tu. Hila ilifichuka kwa kuwa namba za noti zilirudiwa. Benki ya Ureno ikawadai wachapaji, ikashinda London mwaka 1932.

Basi si ajabu kwamba sheria ya Marekani yakataza mtu kuwa na mabamba ya fedha za serikali bila idhini. Wakusanyaji wa huko hutafuta zaidi yale ya benki za watu binafsi, zilizotoa noti zao wenyewe kabla ya sheria ya benki ya mwaka 1863. Mara nyingi bamba lililostaafishwa hukwaruzwa au kutobolewa. Mgeni huliona limeharibika, akataka bei ipunguzwe. Sisi twalipenda hilo kuliko lililo zima, kwa kuwa kovu lake laonyesha kwamba lilifungwa kazi, na la zima laweza bado kuchapa.