Mapenzi ya ujana katika riwaya ya Unguja na Pemba

Mapenzi ya ujana katika riwaya ya Unguja na Pemba ni maudhui yanayosimulia penzi la kwanza la kijana, hasa msichana, linapogongana na matatizo ya nyumba alimokulia: talaka, ugomvi wa mirathi, ubaguzi wa nasaba na rangi, au ukali wa baba. Maudhui haya yalipata nguvu katika riwaya ya Kiswahili ya Zanzibar tangu miaka ya 1970. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, na sehemu kubwa ya mizizi hiyo imo katika ushairi wa Pemba.

Ushairi wa Pemba

Kabla ya riwaya, mapenzi yalikuwa mali ya washairi. Pemba ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 iliwatoa mafundi wawili, Kamange (Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy) na Sarahani bin Matwar, waliokuwa wakijibizana kwa mashairi. Kamange alisifika zaidi kwa tungo za mapenzi. Kazi zao zilikusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, zikahaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa mwaka 2011 katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani. Sanaa hiyo haijakatika kisiwani: Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba, alipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya ushairi mwaka 2015 kwa diwani ya N'na Kwetu.

Katika ushairi wa jadi wa mapenzi, mpenzi husifiwa uzuri, mwendo na sauti, lakini mara nyingi mwenyewe hasikiki. Anayesema ni mshairi. Riwaya iligeuza hali hiyo. Ilimfuata msichana hadi ndani ya nyumba, ikaonyesha anavyoishi na wazazi wake, na ikampa nafasi ya kusema anachokitaka.

Desturi ya posa na unyumba

Pemba, kama Unguja, ndoa ni jambo la watu wengi. Mshenga au wazee wa mwanamume hupeleka posa, walii wa msichana hujibu, mahari hutajwa, na somo humfunda mwari mambo ya unyumba. Utaratibu huu una hekima yake: msichana hapelekwi kwa mume bila ya watu wa kumuulizia hali na kumtetea mambo yakiharibika. Penzi la siri humkosesha ngao hiyo. Ndiyo maana katika riwaya hizi penzi linalopita kwa salamu za mkononi, barua au maneno ya kanga huwa na utamu na hofu kwa pamoja. Wanaopendana wanajua kwamba habari ikitoka, itakayozungumzwa ni heshima ya ukoo mzima.

Riwaya kuu

Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed inamhusu Bahati, msichana maskini anayempenda Idi kwa moyo wote. Idi analigeuza penzi hilo kuwa chambo cha kupatia mali ya tajiri Mwinyi. Katika Nyota ya Rehema (1976), mwandishi huyo huyo anaanza na jeraha la nyumbani: Rehema anatiliwa shaka na baba yake, Fuad, kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na analelewa bila ya mapenzi. Utulivu anaupata baadaye kwa Sulubu, mkulima asiye na jina wala cheo.

Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ndiyo inayoichunguza nyumba kwa ukali zaidi. Bwana Maksuudi, mtu wa fedha na siasa, anamfungia ndani mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna, ilhali mwenyewe nje hajiwekei mpaka. Maimuna anapotoroka hajui lolote la dunia, kwa sababu hakuruhusiwa kulijua, na mtu wa kwanza kumchekea anamwamini. Adhabu ya ujinga huo inamwangukia yeye, ingawa aliyeupanda ni baba.

Vuta n'kuvute (1999) ya Adam Shafi inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi umri mbali. Anaikimbia ndoa hiyo, anapata hifadhi kwa shoga yake Mwajuma, na anampenda Denge, kijana anayepigania uhuru. Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021.

Mafunzo ya pamoja

Riwaya hizi hazifanani kwa mwisho wake, lakini zinakubaliana katika sababu. Rehema alikosa baba akiwa bado ndani ya nyumba ya baba yake. Maimuna alipotezwa na kufuli kabla ya kupotezwa na mji. Yasmin alitolewa kwa mume kabla hajaujua moyo wake. Wazee hulilaumu penzi kwa sababu ndilo linaloonekana. Waandishi wanatuelekeza ndani, kwenye ufa uliokuwepo kabla penzi halijabisha hodi.

Sheria na wasomaji

Mambo yanayosimuliwa yana uzito wa kisheria Zanzibar, Pemba ikiwemo. Ndoa, talaka na mirathi za Waislamu husikilizwa na mahakama za Kadhi. Chini ya sheria ya mwaka 1985, mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba aliweza kufungwa jela. Sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2005 ilibadili kifungo hicho kuwa kazi za kuihudumia jamii. Maimuna na wenzake waliandikwa katika dunia ambamo kosa la watu wawili liliweza kumlemea mmoja.

Utengano ilipata pia kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, ikasomwa na vijana wenye umri unaokaribia wa Maimuna. Hapo ndipo thamani ya maudhui haya inapoonekana. Mwanafunzi anaweza kuyauliza darasani, kwa jina la mhusika wa kitabuni, maswali asiyoweza kuyauliza nyumbani kwa jina lake mwenyewe.