Maana Iliyotangazwa na Maana Iliyotumika: Msamiati wa Azimio la Arusha

1. Utangulizi

Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Arusha, chini ya Mlima Meru, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni. Tunda la kikao hicho, yaani Azimio la Arusha, lilitangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Wanahistoria na wanauchumi wamelichambua Azimio kwa miaka mingi kama tamko la siasa. Kwa mwanafunzi wa semantiki, hata hivyo, hati hiyo ina thamani ya namna nyingine. Humo chama kilichoshika dola kiliyachukua maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka nyumbani, sokoni na zizini, kikayapa maana za kisiasa, kisha kikakusudia taifa zima lijifunze maana hizo.

Ogden na Richards, katika kitabu chao cha mwaka 1923, walieleza maana kuwa ni uhusiano wa pande tatu: neno, wazo na kitu kinachotajwa. Wittgenstein, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1953, alielekeza macho kwenye matumizi ya neno katika maisha ya wasemaji. Historia ya Azimio inaonyesha kwamba fasili inaweza kutolewa kwa siku moja, lakini maana hujifunzwa kutokana na yale ambayo watu huyaona yakitendwa kwa jina la neno hilo.

2. Maneno na asili yake

Neno ujamaa ndilo linalofaa kutangulia. Shina lake, jamaa, lina asili ya Kiarabu, na katika Kiswahili limekuwa likitaja watu wa ukoo au nyumba moja. Kiambishi u- hulifanya kuwa nomino dhahania: hali ya kuwa jamaa. Mwaka 1962 Julius Nyerere alilitumia neno hilo kuitaja falsafa ya kisiasa iliyojengwa juu ya mfano wa familia ya Kiafrika. Baadaye neno lilipanuka kupita kusudio hilo la awali, hata Urusi ya Kisovieti na China zikaitwa nchi za kijamaa. Neno lililochaguliwa ili kutofautisha siasa ya Tanzania na mafundisho ya ng'ambo likawa ndilo jina la mafundisho hayo pia.

Maneno mengine yalipita njia ya kudunishwa. Kabaila, lenye asili ya Kiarabu, lilimtaja mtu wa ukoo wenye hadhi. Bepari, lililotoka Bara Hindi, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Katika lugha ya Azimio yote mawili yakawa majina ya watu wanaoishi kwa jasho la wengine.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni kitenzi nyonya. Mtoto hunyonya ziwa la mama, wala hakuna anayemlaumu. Mnyambuliko wa kunyonyesha umebaki na upole wake hadi leo, ilhali nomino unyonyaji na mnyonyaji zimebeba shutuma. Shina moja limezaa matawi mawili yenye hatima tofauti, na mwanafunzi anayekariri maana ya shina pekee hawezi kuitambua tofauti hiyo. Sambamba na mnyonyaji likaja neno kupe. Kwa wafugaji wa nyanda zinazouzunguka Mlima Meru, sitiari hiyo haikuhitaji mwalimu: kupe ndiye mdudu anayeeneza ndigana kali na kuangamiza ndama.

Wameru nao walikuwa na sababu zao za kulielewa neno unyonyaji. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu wenyeji wa Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha kesi ya ardhi ya Wameru katika Umoja wa Mataifa. Neno lilipotangazwa mwaka 1967, kitajwa chake kilikuwa kimekwisha kuwepo katika kumbukumbu za watu.

3. Fasili ya kiongozi

Azimio lilithubutu pia kufasili neno la kila siku kinyume cha mazoea. Katika Kiswahili cha kawaida, kiongozi ni mtu anayeongoza. Azimio liliorodhesha waliohusika: wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, wakuu wa mashirika ya umma, madiwani, watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati, na wengineo. Kisha likaongeza kwamba kiongozi ni mwanamume, au mwanamume pamoja na mkewe. Vilevile ni mwanamke, au mwanamke pamoja na mumewe.

Sababu ya upanuzi huo ni dhahiri. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Kama neno lingebaki na maana yake ya kawaida, nyumba ingeandikwa kwa jina la mke na sharti lingekuwa limetimizwa kwa maandishi tu. Hapa fasili ilikuwa ufunguo wa sheria nzima.

Masharti hayo yakaja kuitwa miiko ya uongozi. Uteuzi wa neno mwiko una uzito wake. Katika jadi, avunjaye mwiko huamini kwamba madhara yatamfika hata kama hakuna aliyemwona. Mwiko wa chama haukuwa na nguvu hiyo ya ndani. Ulitegemea wasimamizi, nao wasimamizi walikuwa wale wale waliofungwa nao.

4. Maana ilivyofunzwa shuleni na vijijini

Machi 1967 lilifuata andiko la Elimu ya Kujitegemea. Humo, kujitegemea kulijumuisha kazi ya mikono, lakini pia akili yenye kuhoji na kuamua. Katika shule nyingi neno lilifinyika. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba leo kuna kujitegemea alijua kwamba aende na jembe. Hakukosea: alikuwa amejifunza maana kwa njia ambayo watoto wote hujifunza maneno, yaani kwa kuangalia kinachofanyika neno linapotamkwa.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa kijiji cha ujamaa. Andiko la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 lilikitaja kuwa ni jumuiya ya hiari. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na neno la mkopo operesheni likaingia katika kauli za watu. Katika miteremko ya Meru, kwenye migomba na mibuni, watu walikuwa wamekwisha kukaa kwa ukaribu, hivyo kijiji kilikuja zaidi kwa kuandikishwa. Kwingineko nchini, watu walihamishwa na nyumba zao kubomolewa. Sheria ya mwaka 1975 ilitenganisha kijiji na kijiji cha ujamaa, lakini kwa aliyehamishwa tofauti hiyo ilikuwa ya karatasini. Euphrase Kezilahabi aliushughulikia mgongano huo katika riwaya ya Gamba la Nyoka (1979).

5. Baada ya mwaka 1991

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Fasili ya mwaka 1967 haikuhitaji kufutwa katika kamusi, kwa kuwa haikuwahi kukita humo. Ilikuwa hai kwa muda ambao masharti yalikuwa hai. Katika miaka hiyo hiyo, ndugu likapungua nguvu kama neno la kumwitia kiongozi, na mheshimiwa likashika nafasi yake. Gabriel Ruhumbika, katika Miradi Bubu ya Wazalendo (1992), aliyapima maisha ya watu wa kawaida dhidi ya ahadi za kipindi kilichopita.

6. Hitimisho

Mwanafunzi aliyezaliwa Arusha baada ya mwaka 1991 hukutana na neno ujamaa katika kitabu, wakati babu yake alikutana nalo mkutanoni, shambani au katika foleni ya duka la ushirika. Wote wawili husema Kiswahili kimoja, lakini wanaweza kuzungumza jioni nzima bila kuelewana. Kwa hiyo ufundishaji wa maana hautoshelezwi na kidahizo na fasili yake. Mwalimu hana budi kuwaongoza wanafunzi waulize: neno lilitoka wapi, nani alilipa maana mpya na kwa kusudi gani, na watu walitendewa nini lilipotamkwa? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na majibu yake mengi bado yamo vinywani mwa wazee, ambao idadi yao inapungua kila mwaka.