Diftongi: irabu moja inayohama

Alfabeti ya Kirusi ina herufi 10 za irabu: а, э, о, у, ы, я, е, ё, ю, и. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba я husomwa "ya", ю "yu" na ё "yo", huondoka na imani kwamba hizo ni irabu unganifu, yaani diftongi. Imani hiyo haina msingi. Kirusi hakina diftongi zake; Kiingereza ndicho kimejaa diftongi. Anayetaka kuielewa tofauti hiyo aziweke herufi kando kwanza, atege sikio kwenye silabi.

Diftongi ni irabu moja ndani ya silabi moja, ila ulimi huianza mahali pamoja na kuimalizia pengine. Tamka neno la Kiingereza "boy" polepole ukijitazama kwenye kioo: midomo huanza ikiwa imeviringwa, kisha hutanuka, na sauti haikatiki popote. Mapokeo ya fonetiki ya Kiingereza cha Uingereza huhesabu irabu 20, na 8 kati yake ni diftongi, zikiwemo za "day", "my", "go" na "now". (Ile ya "hair" siku hizi wengi huitamka kama irabu moja ndefu iliyotulia.)

Sasa chukua neno la Kirusi чай, ambalo maana yake ni chai hii hii tunayokunywa sisi. Mrusi hulitamka kwa silabi moja, na Mwingereza akilisikia hudhani ni diftongi yake ya "my". Lakini mwambie Mrusi aseme "ya chai", kwa hali ya umilikaji: чая, cha-ya. Ile й ya mwishoni imeiacha irabu iliyokuwa nayo na kwenda kufungua silabi ya pili, kama y yetu inavyofungua silabi katika "kaya". Vivyo hivyo мой, "wangu" kwa jinsi ya kiume, huwa моя, mo-ya, kwa jinsi ya kike. Kwa hiyo й ni nusu irabu inayofanya kazi ya konsonanti, na чай ni a ikifuatwa na konsonanti. Cha kuvutia zaidi ni wingi wake, чаи: hapo ndipo Mrusi anapata silabi mbili, cha-i, kama sisi, ila mkazo wake huuweka kwenye i.

Na hizo я, ю, е, ё? Mwanzoni mwa neno kila moja huwakilisha y pamoja na irabu: яма, "shimo", ni ya-ma. Baada ya konsonanti kazi yake ni nyingine kabisa. Linganisha лук, "kitunguu", na люк, tundu lenye mfuniko. Irabu ya msingi ni u katika yote mawili. Kinachoyatofautisha ni l, ambayo katika neno la pili imekaakaishwa, ulimi ukiwa umeinuliwa kuelekea kaakaa gumu. Herufi ya irabu inatoa habari za konsonanti iliyotangulia. Ndiyo maana herufi ni 10, ilhali irabu zenyewe ni 5 au 6. Wanaisimu wa Moscow huiona ы kuwa sura nyingine ya и. Wafuasi wa Lev Shcherba, aliyechapisha utafiti wake mkubwa wa irabu za Kirusi mwaka 1912, huihesabu kuwa irabu kamili.

Zikiwa na mkazo, irabu hizo hazimtishi Mswahili, ukiacha ы. Ugumu huja mkazo unapohama. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Moscow katika chuo kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961 walilazimika kuzoea kwamba "Moskva" hutamkwa "Maskva", kwa kuwa o isiyo na mkazo hufifia. Katika hili Kirusi na Kiingereza ni ndugu: vyote viwili hudhoofisha irabu zisizo na mkazo.

Jina "irabu unganifu" linanipa shaka, kwa sababu humfanya msomaji atafute irabu mbili zilizounganishwa, kisha akazikuta katika "au", "taifa" na "kauli". Lakini katika "taifa" mkazo uko kwenye i, na katika "kauli" uko kwenye u. Sauti yenye mkazo wake ni silabi inayojitegemea. Mimi huandika "diftongi", na pale ninapolazimika kueleza, husema irabu inayohama. Kiswahili hakina sauti hiyo, na kikiipokea huivunja. Mrusi naye alipomchukua "clown" wa Waingereza aliikata silabi yake moja kuwa mbili: клоун, klo-un. Sisi tuna njia mbili. "Sign" imekuwa saini, i ikapata silabi na mkazo wake. "Wire" imekuwa waya, na hapo sehemu ya pili ya diftongi imegeuka y na kufungua silabi, sawasawa na чай inapokuwa чая.