Asilimia 0.3: Mpaka wa Kibotania Uliogeuka Sheria ya Hempu Nchini Marekani

Mwaka 1976 wanabotania wawili, Ernest Small wa Kanada na Arthur Cronquist wa Marekani, walichapisha makala kuhusu uainishaji wa mmea wa bangi. Ili kuitenga bangi inayolevya na hempu, yaani aina inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, walichagua kiwango cha asilimia 0.3 ya delta-9 THC, kemikali kuu ya ulevi, katika majani makavu. Walieleza wazi kwamba mpaka huo waliuweka kwa hiari yao tu. Haukukusudiwa kupima usalama wa kitu chochote kiliwacho.

Tarehe 20 Desemba 2018 mpaka huohuo ulitiwa katika Sheria ya Kilimo ya shirikisho. Hempu na vyote vitokanavyo nayo viliondolewa katika orodha ya dawa za kulevya, mradi delta-9 THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Hapa ndipo kilipo kiini cha mgogoro. Peremende ya gramu 4 yaweza kubeba miligramu 12 za THC bila kuuvuka mpaka. Aidha, delta-8 THC, ambayo nayo hulevya, hutengenezwa kwa kuigeuza CBD ya hempu kwa asidi, na sheria haikuitaja. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa, ikiamua shauri la alama ya biashara (si la dawa!), iliona kwamba maneno ya sheria yanairuhusu.

Majimbo yakaachiwa kuliziba pengo. Colorado, iliyohalalisha bangi mwaka 2012, ilizuia ugeuzaji huo mwaka 2021, ilhali Texas, inayokataza bangi ya starehe, ilijaa maduka ya bidhaa za hempu. Maadili hayatoshi kuueleza ukinzani huu. Penye leseni za bangi palikuwa na soko na kodi za kulindwa. Minnesota, mwaka 2022, ilianza kuhesabu miligramu: 5 kwa kipimo kimoja, 50 kwa pakiti. Huko Texas bunge lilipitisha marufuku mwaka 2025, na Gavana Greg Abbott akaikataa kwa kura ya turufu mwezi Juni.

Novemba 2025 Bunge la shirikisho liliifasili hempu upya, kwa utekelezaji utakaoanza baada ya mwaka mmoja: THC ya kila aina ihesabiwe, na chombo kimoja cha bidhaa kisizidi miligramu 0.4. Kipimo kimoja kilichohalalishwa na Minnesota kinaupita ukomo huo zaidi ya mara kumi na mbili.