Birika la Kifaransa lililokamilishwa na Waitalia

Msikilizaji, katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, asubuhi huanza na chombo cha kioo chenye kifuniko na fimbo nyembamba ya chuma, ambayo husukuma chujio kutoka juu hadi chini. Wamarekani hukiita French press, yaani kikandamizio cha Kifaransa, na Waingereza hukiita cafetière. Majina yote mawili yanaelekeza Ufaransa. Hata hivyo, historia ya birika hili ilipita katika nchi kadhaa, na chanzo chake ni kero ambayo wanywaji wa kahawa wa Mombasa, Muscat na Istanbul waliijua tangu zamani: mashapo.

Kwa karne nyingi kahawa ilichemshwa pamoja na unga wake. Katika mwambao wa Afrika Mashariki muuza kahawa huliweka dele lake juu ya makaa, naye mnywaji hujua kwamba tama la mwisho kikombeni haliguswi. Huko Ulaya mafundi walitafuta namna ya kuutenga unga na maji kabla ya kumimina.

Mwezi Machi mwaka 1852, mjini Paris, Mayer na Delforge walipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa chombo chenye chujio lililofungwa kwenye fimbo. Wazo lilikuwa sahihi, lakini utekelezaji ulikuwa na kasoro. Chujio halikubana vizuri kwenye kuta za chombo, na unga ukapenya pembeni.

Jawabu lilitoka Italia. Mwaka 1929 Attilio Calimani na Giulio Moneta, wote wa Milano, walisajili nchini Marekani chombo ambacho chujio lake lilizungushiwa springi ili ligandame kwenye kuta pande zote. Muitaliano mwingine, Faliero Bondanini, alisajili muundo wake mwaka 1958. Muundo huo ulitengenezwa Ufaransa, katika kiwanda cha Martin kilichokuwa kikiunda klarineti, ukauzwa kwa jina la Chambord. Kutoka hapo birika lilienea, likavuka hadi Uingereza, na baadaye kampuni ya Bodum ya Denmark ikalifikisha katika maduka ya dunia nzima. Ndivyo kazi ya mafundi wa Milano ilivyobaki na jina la Kifaransa.

Matumizi yake ni mepesi, ingawa yana masharti. Kahawa husagwa chengachenga, si laini kama vumbi, kwani unga laini huziba chujio na kuzidisha uchungu. Kwa lita 1 ya maji hutiwa gramu 60 hivi. Maji yakishachemka huachwa kidogo yatulie, kisha humiminwa, na baada ya dakika 4 fimbo husukumwa taratibu. Kahawa yote humiminwa mara moja, maana ikibaki juu ya mashapo huendelea kukolea na kuwa kali.

Chujio la chuma, hata hivyo, lina gharama yake. Tofauti na karatasi ya kuchujia, iliyobuniwa na Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908, chuma hupitisha mafuta ya kahawa. Mafuta hayo huleta ladha nzito, lakini ndani yake mna kafestoli, kemikali inayopandisha lehemu katika damu. Utafiti wa Waholanzi uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia watu waliokunywa vikombe 5 hadi 6 vya kahawa kali ya birika hili kila siku kwa wiki 24, na lehemu yao ilipanda. Wenye tatizo hilo hushauriwa kutumia karatasi.

Liko pia suala la wakulima. Kahawa ya Kilimanjaro, ambako wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, husafirishwa kwa wingi ikiwa mbichi. Hukaangwa na kufungwa ughaibuni, na sehemu kubwa ya thamani yake huongezeka huko. Si ajabu kumkuta Mswahili wa London akinunua kwa bei ya juu kahawa iliyotoka mlimani kwao, hali mkulima aliyeichuma anakunywa chai, au kahawa ya unga wa kopo.

Birika hili halihitaji umeme wala karatasi. Linahitaji maji ya moto, kahawa iliyokaangwa na dakika 4 za subira, vitu vinavyoweza kupatikana Moshi sawa na Milano. Ni chombo ambacho mkulima angeweza kukitumia nyumbani kwake kuonja zao lake mwenyewe, na kujua thamani yake kabla mnunuzi hajamtajia bei.