Uhandisi: Masinde Muliro au Busitema?

Kwa wakazi wa Busia na Malaba, kuvuka mpaka ni jambo la kila siku. Kwa hivyo, mwana anapotamani kusomea uhandisi, vyuo vikuu viwili vya umma huingia mizanini: Masinde Muliro, mjini Kakamega, na Busitema, ambacho bewa lake kuu limo katika wilaya ya Busia, Uganda.

Vyuo hivi vinalingana kwa umri na madhumuni. Masinde Muliro, kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi tangu 2002, kilipandishwa hadhi kwa sheria ya 2006. Busitema kilianzishwa 2007 palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo. Vyote viliundwa kuendeleza sayansi na teknolojia.

Tofauti ni hizi:

Kozi: Masinde Muliro hufunza uhandisi wa ujenzi, mitambo na umeme. Busitema hufunza, miongoni mwa mengine, uhandisi wa unyunyizaji maji mashambani, nguo na madini.

Muda: Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano Kenya na minne Uganda. Hata hivyo, nchini Uganda chuo kikuu hufuata kidato cha sita. Mwenye KCSE aulize mapema iwapo atalazimika kusoma kozi ya daraja, kwani huenda ikaumeza mwaka anaodhani ameuokoa.

Karo: Ufadhili ambao serikali ya Kenya huwapa wanaoteuliwa na KUCCPS hauvuki mpaka.

Usajili: Hili ndilo zito zaidi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, anayetaka kufanya kazi hiyo nchini Kenya sharti asajiliwe na Bodi ya Wahandisi, nayo hukagua kozi moja moja, si jina la chuo. Makubaliano ya 2012 baina ya Kenya, Uganda na Tanzania yanamfaa mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kwao; hayamhakikishii mwanafunzi kwamba shahada yake itakubaliwa.

Basi kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aiulize bodi kwa maandishi kuhusu kozi yenyewe, iwe ya Kakamega au ya Busitema. Karo nafuu haina faida iwapo mhitimu atarudi nyumbani na shahada asiyoweza kuitumia.