Karibu Haifiki Darini

Mafia ni kisiwa tambarare. Kirongwe, kwenye barabara itokayo Kilindoni kwenda kaskazini, hakuna kilima cha kupanda wala jiji la kutazama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 66,000 tu wilaya nzima. Chakula cha mchana huliwa barazani, juu ya mkeka wa ukindu: wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja. Kila mmoja hula upande wake, na mwenye nyumba huwasukumia wageni minofu. Mpita njia akitoa salamu, hujibiwa na papo hapo huambiwa, "Karibu chakula." Aghalabu hujibu kwamba ameshiba na kuendelea na safari yake. Lakini ameshaalikwa, na angeketi asingeulizwa kitu.

Sasa tupande Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja. Jumba la tajiri Tharia Topan siku hizi ni hoteli, na darini kuna mkahawa. Mgeni huvua viatu, huketi zuliani na kuegemea mito, jua likizama baharini ng'ambo ya mapaa ya bati na minara ya ibada. Adabu ya mkekani imepandishwa juu, na imepandishwa kwa heshima. Kwa hilo nawasifu wenye mkahawa. Kilichoachwa chini ni sinia. Kila mtu ana sahani yake, na macho yanauelekea mji badala ya kuwaelekea wenzake.

Waswahili wa zamani nao walipanda darini, kutafuta upepo. Ila walijihadhari na macho yao: Lamu dari zilizungushiwa kuta ili mtu asichungulie ua wa jirani. Leo kuchungulia huko ndiko kunakouzwa. Nairobi walifika mbali zaidi. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika 1973, liliwekewa kileleni mkahawa unaozunguka, mlaji akaletewa jiji zima bila kuinuka kitini.

Sidai kwamba mandhari ni anasa tupu. Kuna mapenzi ya mji ambayo humjia mtu anapouona wote kwa mara moja. Kinachonisumbua ni kwamba maelfu wanaopita chini ndio pambo la mlo huo, na hakuna hata mmoja anayeweza kuambiwa karibu. Sauti haiwafikii, na ngazi ina mlinzi.

Hata hivyo, baraza ya Kirongwe isisifiwe kupita kiasi. Sinia la barazani kwa kawaida ni la wanaume. Aliyepika yuko uani na sinia lake, pamoja na wanawake wenzake na watoto. Kule Hurumzi mke na mume huketi zulia moja, wakala pamoja mbele za watu. Katika hilo dari imeishinda baraza, na sioni kwa nini Kirongwe isiliige.